Klachi na Breki katika Magari Madogo ya Rimoti: Urithi wa Injini ndani ya Gari la Umeme

Gari dogo la mashindano linaloongozwa kwa rimoti limepita mikononi mwa mafundi wa aina mbili, wale wa injini ya mafuta na wale wa mota ya umeme, na alama za kila kundi zingali zinaonekana katika sehemu zake. Alama hizo ziko wazi zaidi katika klachi, yaani kifaa kinachounganisha au kutenganisha mzunguko wa injini na ule wa magurudumu, na katika breki za msuguano, ambazo husimamisha gari kwa kubana diski au ngoma inayozunguka. Vifaa hivyo viwili vilikuwa vya lazima katika magari ya injini, vikaachwa kwa pamoja mota ya umeme ilipojipatia nafasi katikati ya miaka ya 1970, kisha vikarudi kimoja baada ya kingine kwa sababu ambazo waundaji wa kwanza hawakuwa nazo. Mtu anayeamua leo kama gari lake la umeme lifungwe klachi au lisifungwe, na kama kazi ya breki iachiwe mota au ipewe kifaa chake chenyewe, anaingia katika mjadala wa miongo kadhaa, na ushauri mwingi anaopewa hauna maana kwake mpaka ajue mjadala huo ulianzia wapi.

Mchezo wenyewe ulikua haraka katika nchi chache. Chama cha ROAR, kinachosimamia mashindano ya magari haya nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Mardave ya Leicester, Uingereza, ilikuwa ikiuza magari yake ya injini, huku California ikiwa na makampuni madogo kama Associated Electrics, ambayo mengi yao yalikuwa yametoka katika biashara ya magari ya kuchezea yanayokimbia ndani ya mfereji wa reli ya umeme. Magari ya wakati huo yalikuwa ya kipimo cha 1:8, yaani sehemu moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi, nayo yalijengwa juu ya bamba bapa la alumini na kuendeshwa kwa injini zenye ujazo usiozidi sentimita za ujazo 3.5. Injini hizo huchoma mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, na huwashwa kwa plagi ya joto, ambayo uzi wake wa metali hubaki mwekundu muda wote injini inapofanya kazi badala ya kutoa cheche.

Injini ya namna hiyo haina nguvu ya maana inapozunguka polepole, na ikilazimishwa kusimama pamoja na magurudumu huzimika, kwa hiyo gari lisilo na klachi lisingeweza hata kusubiri kwenye mstari wa kuanzia. Klachi iliyotumika ilijiendesha yenyewe: viatu viwili au vitatu vilishikiliwa na springi juu ya gurudumu zito lililofungwa kwenye mhimili wa injini, na mzunguko ulipoongezeka viatu hivyo vilitanuka kuelekea nje hadi vikabana ukuta wa ndani wa bakuli la chuma lenye meno ya gia, ndipo gari likaondoka. Mzunguko ulipopungua springi zilivirudisha viatu ndani, bakuli likaachwa huru, na gari likaendelea kuserereka bila kushikwa na injini. Kwa sababu hiyo breki nazo zilikuwa za lazima, kwani injini iliyokwisha kutenganishwa na magurudumu haiwezi kulipunguzia gari mwendo. Waundaji walitatua jambo hilo kwa ustadi unaostahili kusifiwa: sevo moja, yaani mota ndogo inayotii ishara ya rimoti kwa kusogeza mkono wake kwa kipimo, ilifungua kabureta iliposogea upande mmoja na kuvuta breki iliposogea upande wa pili. Klachi na breki zilikuwa kama pande mbili za tendo moja, na uhusiano huo ungejitokeza tena miaka mingi baadaye.

Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyokuwa na sifa ya kutengeneza vielelezo vya plastiki vya kuunganisha, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934 Turbo RSR la kipimo cha 1:12, likiendeshwa na mota ya umeme ya Mabuchi ya aina ya 540. Tarakimu hizo za 540 zingekuwa kipimo cha kawaida cha mota katika mchezo huu kwa miaka mingi. Tofauti ya mota na injini ilikuwa ya msingi. Mota ya umeme yenye sumaku za kudumu hutoa nguvu yake kubwa kabisa ya kuzungusha inapokuwa imesimama, na nguvu hiyo hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka, kwa hiyo haihitaji kungurumishwa kwanza, haizimiki gari linaposimama, na inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye gia bila kitu chochote cha kutenganisha katikati. Viatu, springi, bakuli na gurudumu zito viliondoka siku hiyohiyo, na pamoja navyo ukaondoka uzito na kazi kubwa ya matengenezo.

Breki zilitoweka kwa njia nyingine, nazo zilihamia ndani ya waya. Mota ya sumaku ikizungushwa na magurudumu hugeuka kuwa jenereta, na ncha zake mbili zikiunganishwa pamoja, jambo ambalo fundi wa umeme wa mtaani angeliita kupiga shoti, umeme unaozalishwa hupita ndani ya koili na kuunda usumaku unaopinga mzunguko uleule uliouzaa. Mwelekeo huo wa kupinga ulielezwa na mwanafizikia Heinrich Lenz mwaka 1834, na katika gari la rimoti ulitumiwa kwa kifaa rahisi sana. Vidhibiti mwendo vya kwanza vilikuwa na mkono wa shaba uliosukumwa na sevo juu ya vipande vya metali vilivyounganishwa na vizuizi vya umeme, na hivyo gari lilipewa hatua mbili au tatu za mwendo; katika vidhibiti vya mashindano, mkono huo ulipofika mwisho wa upande wa pili uligusa kipande kilichopiga mota shoti, na gari likashikwa papo hapo. Kwa gari jepesi linalokimbia juu ya zulia au lami laini hilo lilitosha kabisa.

Hata hivyo, breki ya mota ina tabia ambayo breki ya msuguano haina, na tabia hiyo ndiyo iliyofanya suala hili lisifungwe moja kwa moja. Nguvu yake hutokana na mzunguko, kwa hiyo hushika sana gari linapokwenda kasi na hulegea kadiri mwendo unavyopungua, hadi gari linapokaribia kusimama inakuwa karibu haipo. Gari lenye diski linaweza kushikiliwa mahali pamoja juu ya mteremko kwa kuibana diski, lakini gari linalotegemea mota iliyopigwa shoti tu litashuka polepole, kwa sababu mota isiyozunguka haina umeme wa kuizuia. Vilevile breki ya mota hufika tu kwenye magurudumu ambayo mota inayaendesha. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, breki zote ni za nyuma, ingawa uzito wa gari linalopunguza mwendo huhamia mbele, mahali hasa ambapo tairi zina uwezo mkubwa zaidi wa kushika ardhi.

Klachi ndiyo iliyotangulia kurudi, na kilichoirudisha ni mchanga na miruko. Mwaka 1979 Tamiya ilitoa Rough Rider na Sand Scorcher, magari ya umeme ya kukimbia nje ya barabara. Kyosho ya Japani ikafuata na Scorpion mwaka 1982, na mwaka 1984 Associated ikatoa RC10, gari ambalo wengi huliona kuwa mwanzo wa gari la kisasa la mashindano ya udongoni. Magari hayo yaliruka vilima, na kila mruko ulikuwa mtihani kwa gia. Gari likiwa hewani na dereva hajaachia mwendo, magurudumu huzunguka bila mzigo hadi kasi kubwa, kisha tairi zinapogusa ardhi huzuiwa ghafla, na kwa kuwa mota imeunganishwa nazo bila kitu cha kulegea, mshtuko wote hupita katika meno ya gia. Mota za mashindano zilizidi kuwa kali, zikisukwa kwa mizunguko michache ya waya mnene ili zipitishe umeme mwingi kutoka kwenye betri za nikeli na kadimi za seli sita, na meno ya plastiki yakawa yanavunjika katikati ya shindano.

Jibu lilikuwa klachi ya kuteleza, ambayo licha ya jina lake haina undugu wa kazi na ile ya injini. Klachi ya injini hutenganisha ili injini iishi. Hii huunganisha muda wote na kuachia tu pale nguvu inapozidi kiwango kilichowekwa. Gia kubwa, ile inayopokea mzunguko kutoka kwa gia ndogo ya mota, huwekwa katikati ya sahani mbili za metali zenye vitambaa vya msuguano, na springi iliyobanwa kwa nati huzisukuma sahani hizo pamoja. Nati ikikazwa klachi hushika zaidi. Ikilegezwa, gia kubwa huteleza kati ya sahani kabla meno hayajaumia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 gari la mashindano ya udongoni lisilokuwa na klachi ya namna hiyo lilionekana kuwa na upungufu, na Team Losi ya California ilikwenda mbali zaidi kwa kutoa Hydra-Drive, kifaa kilichopitisha nguvu kwa mafuta mazito badala ya vitambaa, ili uachiaji wake uwe laini.

Kurudi kwa klachi hakuelezeki vizuri bila kutaja difu ya gololi, ambayo ilihusishwa sana na Cecil Schumacher, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulikia mifumo ya gia katika kampuni ya Cosworth kabla ya kuanzisha kampuni yake ya magari ya rimoti huko Northampton. Difu ni kifaa kinachoruhusu gurudumu la nje la kona lizunguke kwa kasi kuliko la ndani. Katika difu ya gololi kazi hiyo hufanywa na gololi ndogo za chuma zilizobanwa kati ya pete mbili laini, na dereva hupanga ukali wake kwa kukaza skrubu moja. Gari la Schumacher lililoitwa CAT lilimpa Masami Hirosaka wa Japani ubingwa wa dunia wa magari ya udongoni yanayoendeshwa kwa magurudumu manne huko Romsey, Uingereza, mwaka 1987, na difu za aina hiyo zikaenea kote. Lakini difu ya gololi nayo inashika kwa msuguano, kwa hiyo inaweza kuteleza inapozidiwa, na ikiteleza gololi huchimba mifereji katika pete na kifaa chote huharibika. Ndipo ikazaliwa kanuni ambayo mafundi wa magari haya wanaifuata hadi leo, kwamba klachi lazima ilegee kabla ya difu. Upimaji wake ni wa mikono: magurudumu ya nyuma hushikwa yasizunguke huku gia kubwa ikisukumwa kwa kidole gumba, na kinachotakiwa ni gia hiyo isogee juu ya sahani zake wakati difu imetulia. Kisha gari huwekwa njiani na kuondoshwa kwa nguvu yote, na klachi iliyopangwa vizuri husikika ikilia kwa umbali mfupi, kama nusu mita hivi, kabla ya kushika kabisa.

Madereva waligundua punde kwamba kifaa kilichowekwa kulinda gia kilikuwa pia kikilinda mshiko wa tairi. Juu ya udongo mkavu uliosagika, nguvu kamili ya mota tangu mzunguko wa kwanza huzifanya tairi zizunguke bure, na klachi iliyolegezwa kidogo hula sehemu ya nguvu hiyo na kulifanya gari liondoke kwa utulivu. Kuanzia hapo nati ya klachi ikawa miongoni mwa vitu vinavyorekebishwa kila siku ya mashindano kulingana na hali ya njia, sawa na springi na aina ya tairi. Ni haki kusema kwamba hapo klachi ilipata maisha mapya kabisa, kwa kuwa tatizo lililokuwa la injini lilikuwa sasa limehamia ardhini.

Upande wa breki, mabadiliko makubwa yaliletwa na vidhibiti mwendo vya kielektroniki, vilivyotengenezwa na makampuni kama Novak Electronics, iliyoanzishwa na Bob Novak huko California mwaka 1978. Badala ya mkono wa shaba, transista zilifungua na kufunga njia ya umeme mara nyingi kwa sekunde, na utaratibu uleule ulitumika katika kupiga mota shoti kwa vipande vifupi vya muda, hivyo breki ikawa ya kupimwa kwa kidole badala ya kushika yote au kuachia yote. Baadaye zikaongezwa breki za kukokota, yaani kiasi kidogo cha breki kinachojiweka chenyewe dereva anapoachia mwendo, ambacho huhamisha uzito mbele na kulisaidia gari kuingia kwenye kona. Katika magari ya magurudumu manne wahandisi waliweza hata kuchagua ni tairi zipi zipokee breki: beringi ya upande mmoja, inayoshika ikizungushwa upande huu na kuachia upande mwingine, ikifungwa kwenye mfumo wa mbele, magurudumu ya mbele huvuta gari linapokwenda lakini hayapokei breki yoyote. Gari la namna hiyo hugeuka kwa wepesi mkubwa kwenye zulia, na humwadhibu dereva anayeshika breki akiwa tayari amekata kona.

Breki za msuguano zenyewe zilirudi kwenye gari la umeme katika miaka ya 2000, pale mota zisizo na brashi na betri za lithiamu polima zilipofanya jambo ambalo awali lilionekana haliwezekani, yaani kuliendesha gari zito la kipimo cha 1:8 kwa umeme likashindana na injini. Betri ya seli nne hutoa volti 14.8, na mota inayozunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti hufikia karibu mizunguko 30,000 ikiwa haina mzigo, kiwango kinachokaribia kile cha injini yenyewe. Wamiliki wengi walianza kwa kugeuza magari waliyokuwa nayo, wakiing'oa injini na tangi na kufunga mota mahali pake, na makampuni kama Tekno RC ya California yalijijenga kwa kuuza vifaa vya kufanyia mageuzi hayo. Magari hayo tayari yalikuwa na diski mbili karibu na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, moja kwenye mhimili wa kwenda mbele na nyingine kwenye ule wa nyuma, hivyo swali la kuzitupa au kuzibakisha lilimkabili kila aliyeshika spana.

Waliozibakisha walikuwa na hoja nzito. Diski mbili huruhusu breki za mbele na za nyuma zipangwe mbalimbali kwa kukaza nati ndogo kwenye vijiti vyake, ilhali breki ya mota hupitia difu ya katikati, ambayo huigawa nguvu hiyo kwa namna ambayo dereva anaweza kuibadilisha tu kwa kuweka mafuta mazito au mepesi ndani ya difu, na kwa kufanya hivyo anabadilisha pia tabia ya gari linapoongeza mwendo. Breki ya mota huongeza joto katika mota na kidhibiti, vitu viwili ambavyo katika gari zito vilikuwa vinaungua mara kwa mara, wakati diski hulipeleka joto hilo hewani. Zaidi ya hayo, mota nyingi za wakati huo hazikuwa na vihisi vya kueleza mahali sumaku yake ilipo, kwa hiyo kidhibiti kilipoteza hesabu mzunguko ulipokuwa mdogo sana na gari likashtukashtuka lilipoondoka au kusimama.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa jaribio la kuvutia kuliko yote, la kurudisha klachi ya viatu na bakuli kwenye gari la umeme. Tekno RC iliuza kifaa cha namna hiyo kwa jina la Elektri-Clutch. Lengo lilikuwa mota ipewe nafasi ya kushika kasi kidogo kabla ya kupokea mzigo, ili mshtukoshtuko wa kuanzia usifike kwenye tairi, gia zipumzishwe, na gari liserereke kama la injini pale dereva anapoachia mwendo. Lakini aliyechagua klachi hiyo alikuwa amechagua pia breki za diski, hata kama hakukusudia, kwa sababu viatu vinaporudi ndani mota haina tena njia ya kuyashika magurudumu. Ule uhusiano wa kale wa klachi na breki ulirudi wote kwa pamoja, pamoja na gharama zake: sevo ya ziada, kebo ya kugawa ishara ya rimoti kati ya sevo hiyo na kidhibiti, breki za kidhibiti kuzimwa kwenye mipangilio yake, uzito kuongezeka, na viatu na vitambaa vya kubadilishwa kila vinapolika.

Mfumo huo haukudumu katika mashindano, na hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa aibu kwa walioubuni, maana ulijibu udhaifu uliokuwepo kweli. Mota zenye vihisi zilipoenea na programu za vidhibiti zikapata uwezo wa kupanga jinsi nguvu inavyoanza na jinsi breki inavyoshika, sababu kuu ya klachi ya viatu ikaondoka, na magari ya 1:8 yaliyobuniwa tangu mwanzo kwa umeme yakatoka kiwandani bila diski. Difu ya katikati yenye mafuta hubeba pia sehemu ya kazi ya klachi ya kuteleza, kwa kuwa mshtuko wa kutua hupata mahali pa kupumulia kati ya mbele na nyuma. Magari makubwa ya kurukaruka yasiyo na difu ya katikati, kama E-Maxx ya Traxxas, yaliendelea kuihitaji klachi ya kuteleza, na mwenye gari la aina hiyo anayeikaza hadi mwisho kwa tamaa ya kuondoka kwa kasi hulipa kwa meno ya gia.

Katika magari ya 1:10 hadithi imechukua mwelekeo mwingine tena. Mashindano mengi, hasa ya Ulaya, yamehamia kwenye zulia na nyasi bandia, ambako tairi hushika kwa nguvu na kwa usawa kutoka mzunguko hadi mzunguko, na klachi inayoteleza huonekana pale kuwa nguvu inayopotea na uzito unaozunguka bila faida. Madereva kadhaa wameiondoa na kufunga gia kubwa moja kwa moja kwenye mhimili, wakiiachia programu ya kidhibiti kazi ya kulainisha mwanzo, na katika magari ya magurudumu manne wengine wamechukua difu ya katikati kutoka kwa ndugu zake wa 1:8. Anayekimbia kwenye udongo uliolegea bado anaihitaji nati yake na springi yake, naye anayepanda majabali kwa gari la mwendo wa kutambaa anajali breki ya kukokota kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu gari lake husimama juu ya miamba muda mrefu kuliko linavyokwenda, na huko gia zenye upunguzaji mkubwa wa mwendo ndizo zinazoisaidia mota kushikilia kile ambacho kwa shoti pekee ingekiachia.